Ubovu Hauanzi Pale Unapoonekana

Katika umri wangu nimewakosea watu kadhaa, na wengi wao niliwaomba radhi wakanisamehe. Lakini liko kosa moja ambalo hunirudia kila ninapokaa mbele ya kompyuta. Nilimtuhumu kijana wa watu kuwa ni mwizi, tena nilimtuhumu barazani, mbele ya watu wazima wanaomjua baba yake na babu yake, na ushahidi wangu wote ulikuwa ni mashine iliyokataa kuwaka. Kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa nikisomesha historia skuli. Nilikuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwamba jambo likitokea baada ya jingine, hiyo peke yake si hoja kwamba lile la mwanzo ndilo lililolileta la pili. Siku ya kulitumia somo hilo ilipofika, mwenyewe sikulikumbuka.

Nataka nikisimulie kisa hicho, na pamoja nacho nieleze kwa ufupi historia ya mambo yaliyokutana ndani ya lile sanduku langu, kwa sababu sikuuelewa ubovu wake mpaka nilipojua lilikotoka, na ulikotoka umeme uliokuwa ukiliwasha.

Kompyuta yenyewe niliinunua Darajani mwaka 2004. Ilikuwa ya mtumba, imetoka Dubai kama nyingi za wakati ule, na kibodi yake ilikuwa na herufi za Kiarabu pembeni mwa zile za Kizungu. Sanduku lake lilikuwa la kusimama, la rangi ya maziwa, na monita yake ya kioo ilikuwa nzito hata nikaipandisha ngazi kwa msaada wa mpwa wangu. Watu wetu huliita sanduku lile sipiyu, ingawa sipiyu hasa ni kipande kimoja tu kilichomo ndani, chembamba, wala si kikubwa kuliko biskuti. Niliiweka chumba cha juu, penye dirisha linalotazama bahari upande wa Malindi, nikaona nimeipatia mahali pazuri penye upepo.

Niliinunua kwa ajili ya mama yangu. Yeye alikuwa mzaliwa wa Makunduchi, akaolewa mjini akiwa bado msichana, na kumbukumbu yake ilikuwa kama daftari. Usiku baada ya sala ya isha alikuwa akinisimulia nami nikipiga chapa. Alinieleza nani alikaa nyumba gani Mkunazini na Kiponda, alinieleza Mwaka Kogwa wa utotoni mwake, na namna watu walivyokula muhogo asubuhi na jioni wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale Wajapani walipoiteka Burma mwaka 1942 na mchele wa huko ukaadimika. Kurasa zikafika mia na zaidi. Mama alifariki mwaka 2006. Baadhi ya kurasa nilikuwa nimezinakili katika disketi, nikaziweka ndani ya kopo. Nilipolifungua baadaye, ukungu ulikuwa umeshazila. Kwa hiyo maneno yote ya mama yalibaki mahali pamoja tu, ndani ya sanduku lile la rangi ya maziwa.

Kizazi changu hakikukua na mashine hizi. Mwaka 1974 Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ya ruhusa maalumu, na amri hiyo ilikaa mpaka ikaanza kulegezwa katika miaka ya 1980. Televisheni nazo zilizuiliwa bara, ambako kituo cha kwanza kilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Sisi Unguja tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na naamini jambo hilo lilituachia zaidi ya picha. Lilituachia mafundi. Kwa miaka ishirini vijana wa Mji Mkongwe na wa Ng'ambo walikuwa wakifungua televisheni zilizoliwa na chumvi ya bahari, wakajua kulehemu, kupima na hata kunusa kipande kilichoungua. Kompyuta zilipoingia madukani katika miaka ya 1990 zilikuta mikono iliyokwisha zoea kazi ya namna hiyo.

Tena zilikuja kompyuta za aina inayokubali kufunguliwa. Mwezi Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta ya mezani ambayo vipande vyake vingi vilitengenezwa na kampuni nyingine, na maelezo ya undani wake yakachapishwa kitabuni. Wengine wakaiga, na vipande vikawa vinaingiliana, cha huyu kikikubali katika sanduku la yule. Kijana wa Darajani anayetoa kumbukumbu katika mashine moja na kuichomeka katika nyingine anafaidi uamuzi ule wa 1981, ajue asijue. Mashine zile pia zilifundishwa kujipima zenyewe kila zinapowashwa, kabla ya kuandika lolote kwenye kioo, na zikikuta kasoro hulia milio kupitia kispika kidogo kilichomo ndani. Hilo la milio nakuomba msomaji ulikumbuke, maana litarudi.

Umeme nao una safari yake. Mji wetu si mgeni wa umeme. Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa na Sayyid Barghash mwaka 1883, lilikuwa miongoni mwa majumba ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa taa za umeme. Lakini umeme wa leo wa Unguja hauzaliwi Unguja. Tangu mwaka 1980 unatoka bara kwa waya uliolazwa chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni upande wa Dar es Salaam hadi Ras Fumba kwetu. Waya ule wa kwanza uliweza kuchukua megawati 45. Kisiwa kikaongezeka watu, mahoteli, mafriji na mapampu ya maji, na waya ukabaki ni ule ule mmoja.

Mwezi Mei 2008 njia ile ikafeli, na Unguja nzima ikaingia gizani kwa karibu mwezi mmoja. Waliokuwapo hawatausahau mwezi ule. Mapampu yalisimama, na ndoo za maji zikawa zinapandishwa ngazi za nyumba za ghorofa kwa mikono. Samaki walioza, majenereta yakanguruma vichochoroni, na wasio na jenereta wakarudia vibatari. Kompyuta yangu ilikaa kimya chini ya kitambaa alichokidarizi mama. Umeme uliporudi mwezi Juni, mtaa mzima ulipiga kelele za furaha, nami nikapanda juu mbio, nikaondoa kitambaa, nikabonyeza kitufe. Feni ikatikisika, ikazunguka nusu mzunguko, ikasimama. Nikabonyeza tena, ikafanya vile vile. Nilibonyeza mpaka kidole kikaniuma.

Sasa kijana anaingia. Siku chache kabla ya kiza kuanza nilimwita kijana wa mtaa wa pili, fundi wa kompyuta, aje aniongezee kumbukumbu, kwa sababu mashine ilikuwa nzito kama punda aliyechoka. Alikuja, akafungua, akafanya kazi yake, nikamlipa. Alinipa bahasha nikaitia mtoto wa meza bila ya kuitazama. Mashine ikaenda vizuri siku zile chache, kisha ukaja ule mwezi wa kiza.

Usiku ule wa Juni sikulala. Asubuhi nilishuka barazani na shauri langu tayari. Mtu wa mwisho kuifungua mashine ni nani? Ni yeye. Nikasema mbele ya watu kuwa kijana yule ametoa vipande vizuri akatia vibovu. Mmoja akaitikia kwamba mafundi wa siku hizi ndivyo walivyo. Mwingine akaongeza kisa cha redio ya shemeji yake. Na kabla ya adhuhuri tuhuma yangu ilikuwa imekwisha kuwa habari. Wiki haikupita, watu wakaanza kupeleka mashine zao kwa mafundi wengine. Mama wa kijana, aliyekuwa akimletea mke wangu sahani ya kitu kila mwezi wa Ramadhani, akawa anapita mlangoni petu bila ya kupiga hodi. Mimi nikayaona hayo yote nikadhani ndiyo haya ya aliyefanya baya.

Yuko mzee mmoja wa Kikwajuni, marehemu sasa, ambaye ujanani alifanya kazi katika kampuni ya simu za waya pale Shangani, kisha akaishi kwa kutengeneza redio. Nilimwendea si kwa kutafuta haki, bali kwa kutafuta mtu wa kunithibitishia tuhuma yangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali moja tu: "Maalim, umepima?"

Nikamwambia sikupima, lakini ninajua.

Akacheka kidogo, akanisimulia habari ya jumba lile la Shangani alilofanyia kazi, ambalo leo ni hoteli. Mwaka 1879 Zanzibar iliunganishwa na Aden kwa waya wa simu uliolazwa baharini, na kutokea Aden ikafikiana na Ulaya. Waya wa namna ile ukikatika, aliniambia, huwezi kupeleka meli ikauvue wote utazame pako wapi pabovu, maana ni mamia ya maili. Basi karani hukaa pwani na kipimo chake. Urefu fulani wa waya huuzuia umeme kwa kiasi kinachojulikana; ukipeleka umeme ukapima umezuiliwa kiasi gani, utaweza kukisia kwa hesabu ni maili ngapi mpaka kwenye ubovu. Ndipo meli huondoka, ikijua inakokwenda. "Wale walikuwa hawauoni waya wao," akasema, "lakini hawakumsingizia samaki."

Alikuja nyumbani alasiri na mfuko wa ngozi. Sikuwahi kuona mtu akifanya kazi taratibu kama vile. Kanuni zake zilikuwa mbili. Ya kwanza, anza pale umeme unapoingia, ufuate njia yake mpaka ulipokwama. Ya pili, badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, maana ukibadilisha viwili na mashine ikawaka, hutajua ni kipi kilichokuwa kikiuma.

Akaanza na soketi ukutani. Kipimo kikasoma volti 190, na ilipasa iwe karibu na 230. Akasema ni ndogo, lakini stabilaiza yangu iliweza kuipandisha. Akapima upande wa pili wa stabilaiza, akaridhika. Akafungua plaki akapima fyuzi: nzima. Akabadilisha waya wa kuingizia umeme: hali ni ile ile. Nyuma ya sanduku akatazama swichi ndogo ya kuchagua volti 115 au 230, maana wako waliounguza mashine kwa swichi ile. Yangu ilikuwa mahali pake.

Ndipo akafungua sanduku. Pawa saplai, lile boksi la chuma lenye feni linalopokea umeme wa ukutani na kuugeuza uwe mdogo, alilichomoa kwenye mazabodi lakini hakulifungua. Alinionya kuwa ndani yake mna vipande vinavyoweza kuweka volti zaidi ya 300 hata baada ya plaki kuchomolewa, na kwamba mtu asiyejua asithubutu kutia bisibisi humo. Alichofanya ni kuunganisha waya wa kijani na waya mweusi kwa kipini cha karatasi. Mpango huo wa rangi ulianza na mashine za baada ya mwaka 1995: wa kijani ndio wa kuamrisha boksi liwake, wa njano hutoa volti 12, mwekundu 5, na wa rangi ya chungwa 3 na kitu. Feni ikazunguka, na kipimo kikasoma sawasawa.

Nilitaka kusema basi boksi zima, yeye akanizuia. Akatoa mfukoni taa ya gari ya volti 12, akaifunga kwenye waya wa njano. Aliniambia kuwa mtu anaweza kusimama wima asipobebeshwa kitu. Mpe mzigo ndipo umjue. Taa ikawaka wala haikufifia, na kipimo hakikushuka. Sasa ndipo aliposema boksi ni zima.

Akalirudisha, kisha akaanza kuvua vitu kimoja kimoja. Aliondoa diski, kisha kisomeo cha disketi, kisha kadi ya simu, na kila alipotoa kimoja alibonyeza kitufe. Feni ikitikisika ikasimama, ikitikisika ikasimama. Vikabaki vipande viwili vya kumbukumbu alivyovitia yule kijana. Moyo wangu ukaenda mbio, maana hapo ndipo nilipopangojea.

Akavitoa vyote viwili. Akaniambia: "Sikiliza, Maalim. Mashine yenye mazabodi nzima ukiiwasha bila ya kumbukumbu, italalamika. Italia. Na kama kumbukumbu za kijana ndizo zilizokuwa zikiikaba, sasa imefunguliwa, tuisikie." Akabonyeza kitufe. Feni ikatikisika, ikasimama. Hakukuwa na mlio wowote.

Nilikaa kitako juu ya kitanda. Kilichokuwa kikiizuia mashine bado kilikuwamo ndani yake, na vipande vya kijana vilikuwa mkononi mwa mzee.

Akawasha tochi, akainama juu ya mazabodi. Karibu na sipiyu palikuwa na safu ya vikopo vidogo vyenye umbo la pipa. Ndizo kapasita. Kazi yake ni kuweka umeme kidogo na kuutoa kwa ulaini, ili sipiyu isipate umeme wa kurukaruka. Kichwa cha kapasita nzima huwa bapa. Tatu katika zangu zilikuwa zimevimba kichwani kama mkate wa mofa, na moja katika hizo ilikuwa imepasuka, imetoa uchafu wa kahawia ulioganda. "Hawa hapa," akasema mzee. Sauti yake haikuwa ya ushindi. Alisema kama mtu aliyempata mbuzi wake.

Baadaye nilisoma habari za kapasita zile, nikakuta si zangu peke yangu. Kuanzia karibu mwaka 1999 hadi 2007 dunia ilipatwa na maradhi ya kapasita. Baadhi ya viwanda, vingi vyao vya Taiwan, vilitia ndani ya kapasita maji ya dawa yasiyochanganywa sawasawa. Maji yale yalikuwa yakila chuma cha ndani na kutoa hewa polepole, hewa ikavimbisha kopo, na baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu kopo likapasuka. Kampuni kubwa za Marekani zililazimika kubadilisha mazabodi kwa wingi. Mashine nyingi za maofisini ziliuzwa kama mtumba bado zikiwaka vizuri, na ubovu umo ndani yake ukingojea. Yangu ilikuwa moja katika hizo. Ilikuja na kifo chake kutoka kiwandani, miaka kabla ya kijana yule kushika bisibisi.

Kwa nini basi ilikufa umeme uliporudi na si kabla yake? Mzee alinieleza kwamba kapasita mgonjwa huweza kuendelea siku nyingi maadamu mashine inawashwa kila siku na kupata joto. Ikiachwa izimike kwa mwezi mzima, katika unyevu wa kisiwa chetu, haiamki tena. Na kuhusu dirisha langu zuri lenye upepo wa bahari, alinionyesha kutu ya kijani kwenye meno ya shaba mle kumbukumbu zinamochomekwa. Akayasafisha kwa spirti, na meno ya vipande vyenyewe akayasugua kwa raba ya penseli. Aliniambia niihamishe meza ukuta wa pili.

Nikamwuliza kuhusu diski, yenye maneno ya mama. Akasema diski huenda ni nzima, lakini ili kuisoma ilihitaji kuchomekwa katika mashine nyingine ya aina ile, na wenye maduka hawapendi kufungua mashine zao kwa ajili ya mtu. Tuliyemjua mwenye mashine ya kufaa na ujuzi wa kuichomeka alikuwa mmoja tu, yule kijana. Nikasema basi nitakwenda kwake jioni ile ile, nimwombe radhi na nimpe diski.

Mzee alikuwa akifunga mfuko wake. Akasema bila ya kunitazama: "Diski iache hapa. Leo nenda na radhi peke yake. Ukivipeleka vyote viwili, hatajua ni kipi kilichokupeleka, na wewe mwenyewe hutajua."

Ilikuwa ni ile kanuni yake ya pili.

Nilikwenda baada ya sala ya magharibi. Sikwenda nyumbani kwao kwanza. Nilikwenda pale pale barazani, nikawakuta karibu wale wale, nikasema niliyoyaona. Nikasema kuwa mashine ilikuwa mbovu tangu ilipotoka kiwandani, kijana hana kosa, na mimi nilisema nisilolijua. Wengine walinyamaza, mmoja akasema "Allah atusamehe sote", na nikafahamu kuwa naye ana yake. Kisha nikaenda kwao, nikapiga hodi. Kijana alitoka mwenyewe.

"Shikamoo, ami."

Kuitikia marahaba kulinishinda mara ya kwanza. Nikamwambia yote. Aliniangalia chini muda mrefu, akasema: "Yameshapita, ami." Kisha akaniuliza jambo nisilolitarajia: "Ile bahasha niliyokupa, uliifungua?"

Nilirudi nyumbani nikavuta mtoto wa meza. Ndani ya bahasha mlikuwa na vile vipande viwili vya zamani vya kumbukumbu, vimefungwa kwa karatasi ya sigara, na kikaratasi chenye hesabu yake kwa mwandiko safi: bei aliyonunulia vipya, ujira wake, na sentensi moja kuwa vya zamani bado ni vizima naweza kuviuza. Ushahidi wa uaminifu wake ulikuwa chini ya mkono wangu siku zote nilizokuwa nikimchafua jina.

Diski nilimpelekea siku ya tatu. Aliichomeka, ikazunguka, na maneno ya mama yakatoka yote. Ujira hakutaka, nikamlazimisha. Wateja wake walirudi, lakini si wote na si upesi. Neno baya husambaa kwa siku moja na kukusanywa kwa mwaka. Mama yake alipiga hodi tena Ramadhani ya mwaka ule, na mke wangu akalia.

Mzee aliagiza kapasita mpya Dar es Salaam, akazilehemu, na mashine ikaendelea miaka mingine mitatu. Disemba 2009 Unguja ikakosa umeme tena, safari hii karibu miezi mitatu, hadi Machi 2010. Lakini maneno ya mama yalikuwa yameshanakiliwa katika sidii, moja kwangu, moja kwa dada yangu Makunduchi na moja kwa jamaa zetu Muscat. Waya mpya wa megawati 100 ulizinduliwa mwaka 2013, kwa fedha za msaada wa Marekani.

Tangu wakati ule nimekuwa nikiuangalia mji wetu kwa jicho la yule mzee. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, lile lile jumba la taa za kwanza, na watu wawili wakapoteza maisha. Kila anayekaa katika nyumba ya mawe anajua kuwa nyumba haianguki kwa siku moja. Maji ya mvua huingia juu darini mwaka baada ya mwaka, chokaa ikalainika, boriti zikaoza ndani ya ukuta, na ufa ukajitokeza mahali pengine kabisa. Anayeziba ufa kwa saruji na kuliacha dari hajatengeneza kitu.

Zile kapasita tatu zilizovimba ninazo hadi leo, ndani ya bahasha ile ile ya kijana, pamoja na hesabu yake. Wajukuu huniuliza kwa nini nimeweka vitu vibovu mtotoni mwa meza. Huwaambia kuwa ni ushahidi. Mmoja wao, aliyeanza darasa la historia mwaka jana, aliniuliza ni ushahidi dhidi ya nani. Nikamwambia ni dhidi yangu mimi.